Kifaru Mbele, Mgodi Nyuma

Toa noti ya shilingi 5,000 mfukoni uitazame vizuri. Mbele kuna kifaru mweusi, nyuma kuna mgodi wa dhahabu wa Geita. Walioisanifu walitaka kutuonyesha mali mbili za nchi, wanyama na madini. Lakini ukiishika ukiwa Katoro au Nyarugusu, mkoani Geita, ambako noti hizo hupita mkono hadi mkono tangu alfajiri, inakuambia jambo ambalo halikukusudiwa. Kifaru hayupo. Wale walioletwa miaka ya 1960 kisiwani Rubondo, ambacho leo kimo ndani ya mkoa wa Geita, walimalizwa na majangili. Mgodi upo, na sehemu kubwa ya eneo lake imo ndani ya Hifadhi ya Msitu wa Geita. Basi picha ya asili inayopita mbele ya macho mengi zaidi katika ukanda huu wa dhahabu ni ya mnyama aliyekwisha, na mgongoni kwake kuna shimo.

Mchoraji au mchongaji wa leo anayeishi Shinyanga, Kahama au Geita, akisema kazi yake inatokana na asili, anamaanisha asili ipi? Swali hili huulizwa mara chache, kwa sababu tumezoea kudhani jibu linajulikana: simba, tembo, mbuyu, machweo. Mimi naona jibu hilo ni la mahali pengine. Katika ukanda huu hakuna asili isiyo na alama ya mkono wa mtu. Imefyekwa, imelimwa, imechimbwa, na kuna mahali imeoteshwa tena na watu walewale. Msanii anayeufuta mkono huo kwenye picha yake anatuchapishia noti nyingine. Anayeuonyesha hafanyi jambo geni hata kidogo, maana Usukuma ulikuwa na sanaa ya viumbe iliyomweka mtu katikati, zamani kabla ya rangi za kopo kufika madukani.

Tuanze na picha zinazouzwa. Historia yake inafahamika. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari, akauza kazi zake Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kimakosa akafa, baada ya miaka michache tu ya uchoraji. Wanafunzi na ndugu zake waliiendeleza kazi hadi jina lake likawa jina la mtindo. Kutoka humo walitoka watu wenye macho yao wenyewe. David Mzuguno, aliyefariki mwaka 2010, alijaza ubao wake majani, ndege na matawi mpaka anga likakosa pa kupita; ukisimama mbele ya msitu wake unahisi unyevunyevu. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, aliwavalisha wanyama nguo za watu akawapa hadithi alizozikusanya vijijini, na vitabu vyake vya picha vinasomwa na watoto wa nchi nyingi.

Sina ugomvi na sanaa hiyo. Imelisha familia, imesomesha watoto, na imefundisha dunia kwamba Mtanzania anaweza kuchora bila kupita chuo cha Mzungu. Tatizo linaanza pale inapokuwa jicho pekee. Ingia nyumba ya wageni Kahama au Shinyanga mjini, tazama ukuta wa mapokezi. Utaona Kilimanjaro yenye theluji, Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja, twiga wawili waliokutanisha shingo. Kisha geuka utazame nje ya dirisha: mbuga ya udongo mweusi iliyopasuka kwa jua, mawe makubwa yaliyopandana, migunga, ng'ombe, baiskeli iliyobeba mkaa hadi mwendeshaji haonekani. Mkaa haumo ukutani. Hata ng'ombe, mnyama ambaye Msukuma anamjua kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo, hupewa nafasi ndogo kuliko pundamilia.

Picha ya nyika isiyo na mtu ina asili yake, na asili hiyo ni ya kisiasa. Hifadhi zetu kubwa ziliundwa kwa kuwahamisha waliokuwa wakiishi humo. Wamasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959. Ndipo nyika ikaonekana tupu, ikapigwa picha ikiwa tupu, na mchoraji wa kuuzia watalii akaichora ikiwa tupu. Msanii wa Shinyanga anayenakili nyika hiyo ananakili pia kuondolewa kwa watu, hata kama hajawahi kulifikiria.

Shinyanga yenyewe ina historia ambayo ingemtosha mchoraji maisha yake yote. Wakati wa ukoloni wa Mwingereza makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa huko. Ili kumwondolea mdudu huyo kivuli, maeneo makubwa ya miombo na migunga yalifyekwa kuanzia miaka ya 1920. Waliofyeka walikuwa wananchi wenyewe, kwa mashoka, wakisimamiwa na watemi na maafisa. Ikaja pamba, ikadai ardhi zaidi. Mifugo ikaongezeka. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, kaya zikahamishwa zikawekwa pamoja, na yale maeneo ya malisho yaliyokuwa yakifungwa na familia yakabaki nyuma bila mwenyewe. Hadi Mwalimu Nyerere anapita mkoani humo katikati ya miaka ya 1980, watu walikuwa wanauita jangwa.

Maeneo hayo ya malisho ndiyo ngitili. Ni mila ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya ardhi masika inapoanza, nyasi na vichipukizi viinuke bila kuguswa, kisha kuifungua kiangazi kikikaza, ng'ombe wapate cha kutafuna. Haina waya wala senyenge. Mpaka wake ni mti fulani, kichuguu fulani, na makubaliano ya watu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukisaidiwa na Norway, na baada ya kuhangaika na vitalu vya miche wataalamu wakafanya jambo la busara: wakawauliza wazee. Ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mradi ulipoanza zilikuwa na hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004, katika vijiji zaidi ya 800, zilikadiriwa kufikia hekta 350,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa hai chini ya udongo muda wote, vikisubiri kuachwa.

Sitaki kuiita ngitili kazi ya sanaa. Wenyewe hawajaiita hivyo, na wasomi wa sanaa wana tabia ya kubatiza vya watu. Ninachosema ni kwamba kuna mandhari ambayo kila kichaka chake ni matokeo ya uamuzi: nani alifunga, nani alifungua, sungusungu, walinzi wa jadi, walimkamata nani akichungia usiku, dagashida, baraza la wanakijiji, ilimtoza nini. Mchoraji anayeichora kama "pori la asili" amekosa robo tatu ya picha. Mchoraji ambaye angeweza kuuonyesha mpaka usioonekana, upande huu majani na upande ule vumbi, bila uzio kati yake, angekuwa amechora kitu ambacho Tingatinga hakukihitaji na Mzuguno hakukiona.

Ugumu wake ni wa kiufundi. Mpaka wa makubaliano unachorwaje? Hapo ndipo inabidi turudi kwa wachoraji wa zamani wa Usukuma, maana wao walikuwa na tatizo kama hilo na walilitatua.

Bayeye ni chama cha wataalamu wa nyoka. Kazi yao ilikuwa, na kwa waliobaki ingali, kukamata nyoka, kutengeneza dawa za sumu, kutibu walioumwa, na kucheza na nyoka hadharani. Mwanachama mpya alifundishwa ndani ya nyumba maalumu, na kuta za ndani za nyumba hizo zilichorwa. Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika kama mtafiti wa mila na aliyeishi Mwanza, alichapisha London mwaka 1953 kitabu kizima kuhusu michoro hiyo. Katika nakala zake unaona nyoka wakipita ukutani kwa mistari minene inayojikunja, wanyama wengine, watu, na mambo ya hadithi za chama. Hakuna upeo wa macho, hakuna anga juu na ardhi chini. Viumbe wametandazwa ukutani kama vitu vilivyomwagwa juu ya mkeka ili vihesabiwe.

Nadhani hesabu ndiyo siri yake. Mchoro ule haukuwa dirisha la kuchungulia mandhari. Ulikuwa somo. Mwanafunzi alikaa chini, mwalimu akaonyesha kwa fimbo: huyu, na dawa ya huyu, na wimbo wa huyu, na mzee wa zamani aliyemshinda huyu. Chatu hana sumu, swila hutema machoni, kifutu hulala njiani bila kusogea mpaka umkanyage. Mtu asiyezijua tofauti hizo hufa. Nyoka wa ukutani alichorwa na mtu aliyewahi kumshika, kwa ajili ya mtu ambaye kesho atamshika. Uhusiano huo kati ya mkono na mnyama ndio uliokuwa mada ya picha, kwa hiyo mchoraji hakuhitaji magamba yaliyohesabiwa moja moja wala kivuli chini ya tumbo.

Linganisha na nyoka wa Tingatinga. Ni mzuri, ana madoa, amejizungusha kwenye mti, na hana habari na mtu yeyote. Hakuna ujuzi unaopotea picha ikipotea. Michoro ya Bayeye ilipopotea pamoja na nyumba zake za udongo, kiasi fulani cha elimu ya dawa kilikwenda nayo, na tunachoweza kukitazama leo ni nakala kwenye kurasa za kitabu cha Mzungu mmoja. Jambo hilo linaniuma. Nyumba ile ingeweza kuchorwa upya kila baada ya mvua kubwa, laiti watu wa kuichora na wa kufundishwa humo wangeendelea kuwapo.

Upande wa uchongaji habari ni tamu zaidi. Baada ya mavuno, Usukuma huingia msimu wa mbina, mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyofuatilia chanzo chao kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kuhama. Mwisho wa siku mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta kitu cha kuwavuta watu: dawa, wimbo wa kejeli, chatu mzima shingoni, nungunungu, fisi. Na hutafuta maleba, sanamu za mbao za watu, ndefu, zilizochongwa kwa makusudi bila kulainishwa, nyingine zikiwa na viungo vinavyochezeshwa. Sanamu inainuliwa juu ya vichwa, inacheza, watu wanakimbia kuja kuiona.

Hebu fikiria kipimo hicho cha sanaa. Hakuna jopo la majaji wala mnunuzi kutoka nje. Sanamu yako ni nzuri endapo umati utaiacha ngoma ya hasimu wako na kuja kwako. Mchongaji alijua kwamba watu watamwona kwa mbali, kwa vumbi, kwa jua la mchana, kwa hiyo alichonga kwa mapigo makubwa. Kasoro za kazi hizo ambazo wakusanyaji wa Ulaya waliziita ushamba zilikuwa hesabu ya mwanga na umbali. Mwaka 1994, Berlin ilipoandaa maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania, kazi za Usukuma zilikuwamo, zimesimama kimya chini ya taa. Zilionekana vizuri. Hazikuwa na mpinzani wa kumnyang'anya umati.

Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, kuna mahali ambapo sehemu ya urithi huu iliwekwa. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alijenga huko mwaka 1958 kanisa la duara kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, na makumbusho yakafuata. Banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Kila Juni, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, watu hukusanyika kwa Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua, na mbina huchezwa hapo. Wapo wanaosema Kanisa liliinyonya mila nguvu zake. Sikubaliani nao moja kwa moja, kwa kuwa bila Bujora vijana wengi wa leo wasingewahi kuisikia ngoma ya mtemi ikipigwa. Ila ni kweli kwamba nyoka wa Bujora ni wa kuonyeshwa, na elimu ya kutibu aliyeumwa iko mbali na jukwaa.

Neno hilo la maua linanikumbusha ua lingine lililotoka katika ardhi hiyohiyo. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwake kuwa malkia, nyumba ya vito ya Cartier iliiweka katikati ya bruchi: petali za almasi nyeupe, bua na majani ya almasi, na jiwe la Mwadui likiwa moyo wa ua. Kwa ufundi ni kazi bora, na huenda ndiyo sanamu ya asili mashuhuri kuliko zote zilizowahi kutokana na udongo wa Shinyanga. Lakini ni ua la bustani za Ulaya. Jiwe lilivuka bahari likafundishwa kuchanua kwa lugha ya huko. Ukitaka kuueleza ukanda huu kwa mtu asiyeujua, mweleze maua hayo mawili, hilo na la Bulabo.

Sasa tushuke kwenye dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, mpya ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi 2009. Mandhari mpya ilizaliwa kwa kipindi kifupi sana: mashimo ya wazi yenye ngazi za kushukia malori, vilima vya kifusi vilivyokatwa juu kama meza, mabwawa ya rangi isiyo ya maji. Pembeni yake kuna mandhari ya wachimbaji wadogo ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu: maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyopangana kama matundu ya mchwa, karasha zinazosaga usiku kucha, mialo ya kuoshea, marundo ya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa. Kwa mchoraji rangi zake ni za ajabu. Udongo mwekundu unaokaribia zambarau baada ya mvua, mawe ya kijani yenye mshipa mweupe, kijivu cha marudio kinachong'aa kama samaki.

Hapa nina onyo la kiutendaji. Wapo wanaoshauri wasanii wa ukanda huu watumie udongo wa machimbo kama rangi, na kwa udongo mwekundu wa barabarani ushauri ni mzuri. Ni ngeu ileile ya mababu. Marudio ni habari nyingine. Rwamgasa ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, na miamba ya ukanda huu ina arseniki pia. Mtu asiponde marudio kwa mikono mitupu, asiyachanganye na gundi chumbani anamolala mtoto, kwa sababu tu kijivu chake ni kizuri. Bayeye hawakugusa nyoka kabla ya kujifunza dawa yake. Mchoraji wa Geita ana nyoka wake.

Dunia ina mifano ya wasanii waliosimama ukingoni mwa mgodi. Aliye karibu nasi zaidi ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, Kongo. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006 uitwao Mémoire, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi ya shaba enzi za Wabelgiji, akazipandikiza juu ya picha zake mwenyewe za viwanda vya leo vilivyooza. Watu wamesimama kwenye mandhari waliyoijenga na iliyowala. Hakuna mti hata mmoja katika nyingi ya picha hizo, lakini sijaona kazi inayoeleza vizuri zaidi kilichoupata udongo wa Katanga.

Marekani mwaka 1979, Robert Morris alipewa shimo la zamani la kokoto katika jimbo la Washington alirudishe katika hali ya kupendeza kama kazi ya sanaa. Alilikata matuta ya nyasi, akaviacha visiki vya miti iliyokufa vimesimama vyeusi mlimani. Naye aliuliza jambo linalotuhusu sana: msanii akikubali kulipamba shimo, je, hamsaidii mchimbaji kuchimba jingine kwa moyo mweupe? Visiki vile vilikuwa jibu lake. Finlandi, Agnes Denes alichagua njia tofauti. Kati ya 1992 na 1996, mahali palipokuwa machimbo ya kokoto, watu 11,000 walipanda miti 11,000 kwa mpangilio wa mzunguko wa kihisabati, kila mmoja akapewa hati ya mti wake, ya kurithiwa, na msitu umewekewa ulinzi wa miaka 400.

Nikiisoma habari ya Denes naisikia ngitili: mti wenye mwenyewe, mkataba, urithi, subira. Tofauti ni kwamba Shinyanga ilifanya hivyo kwa mamia ya maelfu ya hekta na hakuna aliyekuja na kamera ya jarida la sanaa. Nikiisoma habari ya Morris naliona shimo la Nyankanga pale Geita, ambalo uchimbaji wake wa wazi umekwisha kazi ikahamia chini ya ardhi, na naiona Buzwagi, iliyomaliza uzalishaji mwaka 2021 na eneo lake kutengwa kwa ajili ya viwanda na biashara. Kufunga mgodi kuna sheria, wahandisi na dhamana ya fedha. Pamepangwa nani asawazishe kifusi na nani apande nyasi. Hapajapangwa nani aonyeshe kilichokuwepo, na naona nafasi hiyo ni ya mchongaji.

Fedha zipo. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati vitangulie, hilo halina mjadala. Lakini halmashauri zinapofikia kupendezesha mji huagiza sanamu kama zinavyoagiza mifereji, kwa mkandarasi wa saruji. Sanamu ya mahali pa watu ikifaulu huwa sehemu ya lugha: Mwanza mjini, samaki wa kwenye mzunguko wa barabara ametumika kuelekezana njia kiasi kwamba watu hawasemi tena "kwenye sanamu ya samaki", wanasema "Samaki" tu. Amefaulu kwa sababu kila anayepita amewahi kumla, kumvua, kumuuza au kumbeba. Ukanda wa dhahabu ungepata wapi samaki wake? Mchimbaji wa saruji mwenye sururu, aliyepakwa rangi ya dhahabu, hatoshi. Anafanana na nembo ya kampuni. Na twiga nahofia hatoshi pia, ingawa ubia wa Barrick na serikali ulichagua kujiita Twiga.

Wachoraji wenyewe wapo, na wengi hawajiiti wasanii. Ni wale wa mabango: wanaochora vichwa vilivyonyolewa kwenye vibanda vya vinyozi, soda na kuku wa kukaanga kwenye ukuta wa baa, ng'ombe kwenye duka la dawa za mifugo. Ng'ombe hao ndio wanyama waliochorwa kwa ujuzi zaidi katika ukanda mzima. Kila mmoja ana kupe sikioni, ana mbavu, anajulikana ni wa mbegu gani; mchoraji anajua mteja wake atamcheka akikosea pembe. Ni kipimo kilekile cha mbina. Siku hizi mabango ya kuchapwa kwa mashine yamewanyang'anya kazi nyingi, na mkono uliozoea ukuta unakaa bila ukuta. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimefundisha walimu wa sanaa kwa miaka mingi. Mwalimu aliyetoka humo akimwita mchoraji wa mabango darasani pamoja na mzee wa Bayeye, watoto wa kidato cha pili wangejifunza kuchora nyoka na huduma ya kwanza katika kipindi kimoja.

Kuna mada moja ambayo ningempa mchongaji yeyote wa Geita bila kumwekea masharti mengine. Wachimbaji wadogo huzuia kuta za maduara yao kwa matimba, magogo yanayopangwa kwa zamu kutoka mdomoni hadi chini, makumi ya mita. Kila duara jipya linahitaji mengi, na maduara ni maelfu. Miti hiyo imekatwa kwenye miombo ya jirani, ile inayoonekana kupungua kutoka barabarani mwaka hadi mwaka. Sehemu ya msitu wa Geita, basi, bado ipo na imesimama wima, gizani, ikibeba uzito wa ardhi juu ya mabega ya watu. Mchimbaji anaijua kwa kiganja, gogo kwa gogo, kwa sababu ndiyo ngazi yake ya kupandia. Anaitambua kwa sauti: mti mbichi hulalamika kabla ya kuvunjika, mkavu huvunjika bila kusema, na wale wa siku nyingi hukataa kushuka mahali palipotiwa matimba ya mti usiofaa. Duara likiisha dhahabu linaachwa au kufukiwa, na magogo hayapandishwi juu. Hubaki humo, yamesimama.